Nukta Kabla ya Mabano

Mstari wenyewe ni huu, na ukiupitia haraka hutauona:

    weka = asha.weka

Hauna mabano. Aliyezoea Python anajua kwamba mabano ndiyo yanayoamuru kazi ifanyike, kwa hiyo hapa hakuna pesa iliyowekwa popote wala salio lililobadilika. Methodi imechukuliwa kwa obijekti yake, imepewa jina, imeachwa ingoje. Huenda ikaitwa mistari mitatu chini, au mtumiaji atakapobofya kitufe, au isiitwe kabisa.

Wanaojifunza programu huukuta mstari wa namna hii kwa bahati tu. Wamesahau mabano, na badala ya jibu wanalolitaka kompyuta inawatolea sentensi ndefu ya kueleza kwamba walichoshika ni methodi iliyofungwa kwenye obijekti fulani, na anwani yake kwenye kumbukumbu juu. Huongeza mabano, wakaendelea na safari. Sioni ajabu, kwa sababu mtu ana kazi ya kumaliza. Lakini hapo walipopita mbio kuna ufundi uliotulia kuliko mwingi unaopigiwa makofi kwenye mikutano ya teknolojia, na unastahili kutazamwa polepole.

Klasi yetu iwe fupi:

    class Akaunti:
        def __init__(self, mwenye):
            self.mwenye = mwenye
            self.salio = 0

        def weka(self, kiasi):
            self.salio += kiasi

    asha = Akaunti("Asha")
    juma = Akaunti("Juma")
    weka = asha.weka

Sasa andika weka(5000), kisha uliza asha.salio. Utapata 5000. Juma hana habari. Hesabu vitu vilivyoandikwa ndani ya klasi: fanksheni weka inataka viwili, self na kiasi. Sisi tumeipa kimoja. Cha pili ilikuwa nacho tayari, ilikichukua pale penye nukta, kabla hatujajua kama tutaiita au hatutaiita.

Ukikifungua kigeu hicho utaona kina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni weka.__self__, nayo ni Asha mwenyewe, yaani obijekti ileile wala si nakala yake. Ya pili ni weka.__func__, nayo ni fanksheni iliyoandikwa kwenye klasi, ambayo Asha na Juma wanaitumia kwa pamoja. Zaidi ya hizo mbili hakuna kitu cha siri.

Kinachonivutia ni namna mgawanyo huu ulivyoamua nini kigandishwe na nini kiachwe wazi. Andika asha = None, na weka(1000) bado itafanya kazi, maana methodi iliyoshikwa haikuhifadhi jina “asha”, ilihifadhi obijekti. Badilisha fanksheni kwenye klasi baada ya hapo, ukaandika Akaunti.weka = nyingine, na kigeu chako kitaendelea na ile ya zamani. Hayo mawili yamegandishwa. Salio halikugandishwa. Likipanda au kushuka kwa njia nyingine yoyote, siku weka itakapoitwa itaanzia pale salio lilipo, si pale lilipokuwa siku ya kuhifadhi. Nani afanye, na afanye nini: hayo yameamuliwa mapema. Katika hali gani: hilo linasubiri wakati wake. Nimejaribu kufikiria mpangilio mwingine ambao ungefaa kazi nyingi zaidi kuliko huu, na sijaupata.

Jambo hili halikuja lenyewe. Guido van Rossum alianza kuandika Python mwishoni mwa mwaka 1989 akiwa kwenye taasisi ya utafiti ya CWI, Amsterdam, na toleo la kwanza likatoka hadharani Februari 1991. Baadaye ameeleza kwamba tangu mwanzo alitaka kila kitu kinachoweza kupewa jina kwenye lugha hiyo kiwe na hadhi sawa: namba, maneno, fanksheni, klasi, moduli, methodi. Vyote viweze kuwekwa kwenye kigeu, kutiwa kwenye orodha, kupitishwa kwa mwingine. Na methodi zenyewe akaziacha ziwe fanksheni za kawaida zinazompokea mwenye kazi kama hoja ya kwanza, ile self ambayo wageni wanaotoka Java huilalamikia kila kukicha. Wanailalamikia bila kujua kwamba ndiyo inayofanya fumbo letu liwe jepesi. Kama methodi ni fanksheni yenye nafasi ya mwenyewe mbele, basi kuifunga ni kuijaza nafasi hiyo tu.

Anayeijaza ni fanksheni yenyewe. Python 2.2, iliyotoka Desemba 2001, iliweka wazi utaratibu ambao leo kila mwenye kuandika klasi anautegemea. Ukisema asha.weka, Python huitafuta weka kwenye klasi ya Asha, huiona kuwa ina methodi maalumu iitwayo __get__, na huiuliza: wewe umeitwa kupitia kwa Asha, unarudisha nini? Fanksheni hujibu kwa kurudisha ile jozi. Unaweza kuuliza swali hilo kwa mkono wako, kwa kuandika Akaunti.weka.__get__(asha), na utapata kitu kilekile. Mlango huohuo ndio unaopitwa na property, classmethod na staticmethod. Ni sheria moja ndogo, na nusu ya adabu za lugha zinatoka humo.

Sheria hiyo ina ukingo wake. Fanksheni ikibandikwa moja kwa moja kwenye obijekti, si kwenye klasi, haifungwi. Andika asha.salamu = msalimie, na asha.salamu() itaita msalimie bila kumpa Asha. Wapo wanaoona hilo ni kasoro. Mimi naona ni uaminifu: obijekti inapewa kuhifadhi fanksheni ya mtu, na inairudisha kama ilivyopewa.

Thamani ya uamuzi huu inaonekana zaidi ukienda kwa jirani. Kwenye JavaScript, ambayo Brendan Eich aliitengeneza Netscape kwa siku 10 mwezi Mei 1995, mstari unaofanana na wetu hutoa matokeo mengine kabisa:

    const weka = asha.weka;
    weka(5000);

Huku nukta na mabano hufanya kazi pamoja. Neno this hupata maana yake pale methodi inapoitwa, kulingana na kilicho kushoto kwa nukta wakati wa kuita. Ukishaihamishia methodi kwenye kigeu, kushoto hakuna mtu. Ni kama kukabidhiwa ufunguo bila kuambiwa ni wa mlango upi. Kama methodi imeandikwa ndani ya class, utapata kosa mara moja, nawe ushukuru. Kwenye msimbo wa mtindo wa zamani usio na ukali, this inageuka kuwa dirisha zima la kivinjari: programu inalitafuta salio la dirisha, hailioni, inaongeza 5000 juu ya kitu kisichokuwepo, na kuhifadhi jibu NaN bila kusema neno. Asha hajawekewa kitu, wala hakuna aliyelalamika. Makosa ya namna hiyo hula mchana mzima wa mtu.

Dawa zilikuja baadaye. Methodi ya bind iliingia rasmi kwenye toleo la tano la kiwango cha lugha, Desemba 2009, na fanksheni za mshale zikafuata mwaka 2015. Hata baada ya hapo kilipita kizazi kizima cha msimbo wa React ambamo kila klasi ilianza na safu ya mistari kama this.bofya = this.bofya.bind(this), mmoja kwa kila kitufe, kama watu wanaopiga muhuri fomu. Lakini tusimwonee Eich. Ulegevu huohuo uliwapa watu uwezo wa kuazima. Kwa miaka mingi waliichukua methodi slice ya orodha na kuitumia kwenye arguments, kitu kinachofanana na orodha bila kuwa orodha, kwa sababu methodi haikuwa mali ya mtu. Kila lugha ilinunua kitu na kila moja ikalipa bei yake. Mimi bei ya Python naiona nafuu.

Kulikuwa na njia ya tatu, na historia yake ina ladha. Mwaka 1995 Borland ilitoa Delphi, kazi ya Anders Hejlsberg, ambamo aina ya kigeu inaweza kutangazwa kwa maneno “of object”. Kigeu hicho kinabeba vielekezi viwili, kimoja cha msimbo na kimoja cha obijekti, na ndicho kilichofanya kitufe kwenye dirisha kijue fomu ipi ina shauri na mbofyo wake. Mwaka uliofuata Hejlsberg alihamia Microsoft, na wazo likatokea kwenye Visual J++, Java ya Microsoft, mwaka 1998. Sun, wenye Java, walilipinga kwa waraka mzima: lugha haikuhitaji kitu hicho, klasi za ndani zilitosha. Microsoft wakaenda nalo kwenye C#. Java 8, ya Machi 2014, ilileta alama ya nukta mbili mara mbili, na sasa kila mwandishi wa Java huandika asha::weka bila kufikiri.

Na waliochelewa walifanya vizuri. Kwenye Java, asha akiwa hana kitu, yaani ni null, asha::weka inakataa hapohapo, pale unapohifadhi. Ukiandika kwa lamda ya kawaida, kosa hilo lingelala hadi siku ya kuita, mbali na mahali lilipozaliwa. Python inafanya hivyohivyo bila kujisifu: kama asha ni None, nukta yenyewe inagoma.

Basi turudi kwenye kazi za watu. Afrika Mashariki ina aina moja ya programu ambayo mtu yeyote mwenye simu ya batani anaitumia: menyu ya USSD. Unapiga nyota, namba, reli, na orodha inatokea: 1 salio, 2 tuma pesa, 3 taarifa. Anayeiandika menyu hiyo kwa mara ya kwanza huweka if, halafu elif, halafu elif nyingine, mpaka fanksheni inashuka kurasa mbili na hakuna anayethubutu kuigusa. Mwenye mkono mzuri huandika hivi:

    class Menyu:
        def __init__(self, mteja):
            self.mteja = mteja
            self.njia = {
                "1": self.salio,
                "2": self.tuma,
                "3": self.taarifa,
            }

        def jibu(self, chaguo):
            hatua = self.njia.get(chaguo, self.hakuna)
            return hatua()

Itazame kamusi hiyo vizuri. Inasomeka kama menyu yenyewe inavyosomeka kwenye kioo cha simu. Upande wa kushoto kuna kitufe, upande wa kulia kuna kitendo, na kila kitendo kimeshamjua mteja wake, kwa hiyo mstari wa mwisho hauulizi lolote. Ni hatua(), basi. Mteja akibonyeza 9 ambayo haipo, methodi hakuna inashika nafasi bila if hata moja. Kuongeza huduma ya nne ni kuongeza mstari mmoja, na anayekagua kazi yako anaona mstari mmoja.

Aliye makini zaidi ataona kwamba hapa kuna duara. Menyu inaishika kamusi, kamusi inazishika methodi, na kila methodi inamshika Menyu kupitia __self__. Katika CPython, yaani Python ambayo wengi wanaitumia, obijekti nyingi hufutwa papo hapo pale hesabu ya wanaozishika inapofika sifuri. Hii haitafika sifuri yenyewe. Itangoja mkusanya taka anayetafuta maduara kama hayo, aliyeongezwa kwenye toleo la 2.0 mwaka 2000. Kwa seva ndogo halina neno. Kwa seva inayojibu watu wengi kila sekunde, fundi ataipandisha kamusi juu, kwenye klasi, ihifadhi fanksheni zisizofungwa, na mstari wa mwisho uwe hatua(self). Mwenye kazi anarudi kutajwa waziwazi, na duara linakatika. Zote mbili ni sahihi. Kuchagua kunategemea umeona nini kwenye kumbukumbu ya seva yako.

USSD pia inakufundisha mahali ambapo ufundi huu unaishia. Kila mteja anapobonyeza namba, seva yako inapata ombi jipya. Ukitumia huduma kama ya Africa's Talking ya Nairobi, unaletewa neno moja lenye chaguo zote tangu mwanzo zilizounganishwa kwa nyota, mfano 2*5000, nawe unajibu kwa maandishi yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea au END kama yamekwisha. Kati ya ombi na ombi hakuna uhakika kwamba mchakato uleule ndio utakaojibu. Methodi uliyoihifadhi kwenye kigeu inakufa na ombi lake. Kinachovuka ni jina: unahifadhi neno “tuma” kwenye hifadhidata, na ombi linalofuata linalitafuta kwa getattr(menyu, "tuma"). Na hapo lazima uwe na orodha ya majina yanayoruhusiwa, kwa sababu getattr haichagui; ukiipa jina lililotoka kwa mtu wa nje, itakutafutia methodi yoyote aliyoiomba. Kamusi ya mwanzo ilikuwa imekulinda na hilo kimyakimya.

Kuna mtego mwingine ambao methodi iliyofungwa huuepuka na lamda huuangukia. Tuseme unataka orodha ya vitendo, kimoja kwa kila akaunti:

    vitendo = [lambda k: a.weka(k) for a in akaunti_zote]

Ukiviita vyote, pesa zote zitaingia kwa mtu wa mwisho kwenye orodha. Lamda haikuhifadhi obijekti, ilihifadhi jina a, na mzunguko ulipokwisha jina hilo lilibaki kwa wa mwisho. Sasa andika [a.weka for a in akaunti_zote]. Ni fupi zaidi, na kila mmoja anapata chake, kwa sababu nukta ilifanya kazi ndani ya kila zamu. Nikipewa msimbo wa mtu kuukagua na nikaona lamda ambayo kazi yake yote ni kuiita methodi nyingine kwa hoja zilezile, huwa naomba iondolewe, na si kwa sababu ya urembo.

Mfano mdogo ninaoupenda kuliko yote hauna hata klasi ya kuandika. Una kamusi ya bei sokoni: bei = {"mchele": 3200, "unga": 1800, "maharage": 3000}. Unataka jina la bidhaa ghali kuliko zote. Unaandika max(bei, key=bei.get), na jibu ni mchele. Kamusi inapita mara mbili kwenye mstari mmoja, kwanza kama orodha ya majina, kisha kama methodi inayojua kila jina linagharimu kiasi gani, na max wala haijui kwamba inazungumza na kamusi ileile. Imepewa kitu kinachoitika, inakiita.

Sasa uliza swali ambalo linaonekana la kitoto: je, asha.weka ni asha.weka? Python ina namna mbili za kuuliza. Kwa is, jibu ni hapana, kwa kuwa kila unapoandika nukta jozi mpya inatengenezwa. Kwa ==, jibu ni ndiyo, kwa kuwa jozi mbili zenye mwenyewe mmoja na fanksheni moja huhesabiwa sawa. Mtu angeweza kudhani huu ni ubishi wa vijiweni, mpaka atake kujiondoa. Obijekti ilijiandikisha kwenye orodha ya wasikilizaji kwa kuongeza self.pokea, na jioni inataka kutoka kwa kusema wasikilizaji.remove(self.pokea). Hiyo self.pokea ya jioni si ile ya asubuhi, lakini remove hutumia ==, na inaipata. Kwenye JavaScript, aliyejiandikisha kwa pokea.bind(this) na kujaribu kujiondoa kwa pokea.bind(this) hatoki, kwa sababu bind hutoa fanksheni mpya kila mara na hakuna anayezilinganisha. Toleo la 3.8 la Python liliukaza usawa huo zaidi: mwenyewe lazima awe obijekti ileile, haitoshi akawa anafanana naye. Bila hivyo akaunti mbili zenye thamani sawa zingeweza kuondoleana wasikilizaji.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kwamba anayeishika methodi anamshika mwenyewe. Orodha ya wasikilizaji iliyosahaulika inaweza kuzuia mamia ya obijekti zisifutwe. Dawa ya kawaida ni marejeo dhaifu, yale yasiyomzuia mtu kuondoka, lakini ukiyatumia moja kwa moja juu ya asha.weka yatakuwa yamekufa kabla hujafika mstari unaofuata, kwa kuwa jozi ile ya muda haikushikwa na mwingine. Ndiyo maana Python 3.4, mwaka 2014, ililetewa WeakMethod, ambayo humshika Asha kidhaifu na fanksheni kidhaifu, kisha huunda jozi upya pale inapoombwa.

Na kama jozi hutengenezwa kwa kila nukta, je, asha.weka(5000) ya kawaida hutengeneza moja na kuitupa? Zamani ndiyo. Ndiyo sababu wazee wa Python walikuwa na desturi ya kuandika ongeza = orodha.append nje ya mzunguko mrefu, kisha ongeza(x) ndani yake, waokoe gharama ya nukta mara milioni. Toleo la 3.7, Juni 2018, lilibadilisha maagizo ya ndani ya CPython hivi kwamba nukta ikifuatwa papo hapo na mabano, jozi haiundwi. Mwenyewe na fanksheni hupelekwa moja kwa moja kwenye wito. Waandishi wa toleo hilo walitaja kasi ya wito wa methodi kuongezeka hadi asilimia 20. Desturi ile ya wazee haijafa, ila faida yake imepungua, nami nikiikuta kwenye faili la mtu huangalia kwanza liliandikwa mwaka gani.